Kasongo: siku ya kwanza ya mwalimu wa kuandika mbele ya wahami

Kasongo, jimbo la Maniema. Saa nane mchana, watoto walipokwisha kurudi nyumbani, darasa moja la shule ya msingi mjini Kasongo liliachwa wazi kwa ajili ya watu wazima. Waliingia mmoja mmoja, wakijibana katika viti vya watoto, magoti yakigonga meza. Wengi wao ni wahami wa vita kutoka teritware ya Kabambare, upande wa Salamabila na Wamaza. Wengine ni wenyeji wa Kasongo waliowapokea wahami hao katika nyumba zao. Walikuwa 17: akina mama 13 na wanaume 4.

Mbele yao alisimama kijana mwenye diploma ya serikali ya upande wa ualimu. Alikuwa hajawahi kufundisha mtu mwenye umri wa mama yake. Kazi hiyo haina mshahara. Aliombwa na wazee wa mtaa, akakubali. Usiku uliotangulia aliandaa somo lake kwa mwanga wa tochi: kwanza a, e, i, o, u, kisha silabi, mwisho dikte fupi kwa Kifaransa, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa. Alikuja na vipande viwili vya chaki, biki nyekundu, na kaye moja ya kuandikia majina.

Katika yote aliyoandaa, ni silabi tu zilizotumika, tena kwa dakika chache. Yaliyobaki aliyaacha, na sababu za kuyaacha zinafaa kusimuliwa, kwa kuwa wako wengine Kasongo, Kabambare na kwingineko wanaofikiri kuanzisha kazi kama hiyo. Majina hayatajwi hapa. Waliokuwa darasani wamekubali habari hii isomwe, lakini bila majina.

Mambo yalianza na ile kaye. Mwalimu alikuwa amechora mistari minne: jina, umri, kijiji alikotoka mtu, na mwisho swali, anajua kuandika, ndiyo au hapana. Alipita kwa kila meza akiuliza. Mama wa kwanza akasema hapana. Wa pili akasema hapana. Wa tatu akasema alisoma mpaka mwaka wa pili wa shule ya msingi, halafu baba akafariki. Mwalimu akaandika hapana. Ilikuwa inaendelea hivyo mpaka akamfikia mzee mmoja aliyevaa kofia nyeupe, amekaa karibu na dirisha.

"Papa, unajua kuandika?"

Mzee akamtazama, akauliza: "Kuandika kwenu au kuandika kwetu?"

Mwalimu hakuelewa. Mzee akainuka, akaomba chaki, akaenda ubaoni. Akaanzia upande wa kuume, akaelekea kushoto, polepole, mkono hautetemeki. Aliandika mstari mmoja, akageuka, akawasomea wote: jina lake, jina la baba yake, jina la babu yake, na kijiji chao kule Kabambare. Lugha ilikuwa Kiswahili tupu. Herufi ndizo zilikuwa za Kiarabu.

Mwalimu alisimama mbele ya ubao wake mwenyewe asiweze kusoma neno hata moja. Mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti: "Leo hata mwalimu angepiga kidole." Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka nao.

Wahami wanajua vizuri maana ya kupiga kidole. Kila siku ya mgawanyo wa chakula au wa masufuria, mtu anaitwa kwenye orodha, anatia dole gumba kwenye wino, anabandika alama, anaondoka. Mzee huyu naye amepiga kidole kwenye orodha hizo, akaandikwa kuwa mtu asiyejua kuandika. Hakuna aliyemuuliza vizuri.

Na jambo lake si la ajabu katika sehemu hizi. Kiswahili kilifika Kabambare na Kasongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar na pwani, na wakati huo kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye hapa kila mtu anamjua kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo ya zamani kuwa makao yake. Baadaye, alipokuwa mzee huko Zanzibar, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi hizo hizo. Kasongo ilipoanguka mikononi mwa jeshi la Dola Huru ya Kongo mwezi wa Aprili 1893, utawala mpya na shule za misioni zilileta herufi za Kilatini. Zile za zamani zikabaki msikitini, katika madrasa, na katika mikono ya wazee kama huyu.

Mwalimu alirudi kwenye kaye yake, akafuta "hapana" zote. Mahali pake hakuandika "ndiyo". Aliandika swali jipya, ambalo hakuwa amelifikiria usiku ule: unataka kumwandikia nani, au kuandika nini?

Hapo darasa likabadilika. Watu waliokuwa wanajibu kwa neno moja wakaanza kusema.

Mama mmoja anauza chumvi na samaki wakavu sokoni. Watu wanakopa, anashika madeni yote kichwani, na mwisho wa mwezi wanamkatalia. Anataka kuandika madeni. Mwingine anataka jina lake tu, lakini aliandike sawa siku zote, maana mume wake marehemu ameandikwa Asumani kwenye karatasi moja, Asmani kwenye nyingine, na Athumani kwenye ya tatu, na kila mara anaulizwa kama hao ni waume watatu. Msichana aliyeachia masomo mwaka wa tano anataka kuendelea pale alipoishia, asije akasahau. Mwanaume mmoja anataka kuandika mipaka ya shamba aliloacha: kijito upande wa juu, michikichi mitatu upande wa chini, na majina ya majirani wa kila upande. Anaogopa kwamba vita vikiisha na watu wakirudi, kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake.

Hakuna aliyetaja dikte. Mwalimu alipouliza kama wanapenda kuanza na Kifaransa, muuza chumvi akamjibu kwa upole: "Mwalimu, wanaonidai na ninaowadai wote wanasema Kiswahili." Jibu hilo lina haki hata kisheria. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha hizo zitumike kufundishia katika shule ya msingi. Kifaransa walikubaliana kitafuata baadaye, kwa wanaokihitaji.

Mama mmoja alikuwa bado hajajibu. Ndiye yule aliyesoma mpaka mwaka wa pili. Zamu yake ilipofika alisema tu, "Mimi nina barua," akanyamaza. Mwalimu akaandika: barua.

Likaja tatizo la karatasi. Watu 17, na waliokuwa na kaye walikuwa 5. Mwalimu alipasua kurasa za kaye yake mwenyewe, akagawa nusu nusu. Wengine walipewa vipande vya karatasi ya kufungia bidhaa, vyenye maandishi upande mmoja. Mwanaume mmoja alionekana kuona haya, akakigeuzageuza kipande chake. Hapo mwalimu aliwasimulia jambo alilolisoma kuhusu Nyangwe.

Nyangwe iko hapa hapa katika teritware ya Kasongo, kando ya mto Lualaba. Mwaka 1871 msafiri Mskoti David Livingstone alikuwa anakaa huko, ameishiwa karatasi na wino. Alichukua gazeti kuukuu la kwao, akaandika juu ya maandishi ya gazeti, akipitisha mistari yake kwa kukata ile iliyochapwa. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea wa hapa hapa. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa wafanyabiashara walifyatua bunduki sokoni Nyangwe, siku ya soko, wakati soko limejaa akina mama. Wengi walikufa kwa risasi, na wengine walizama katika Lualaba wakikimbia. Livingstone aliyaandika aliyoyaona kwenye karatasi hiyo mbaya. Habari yake ilifika Uingereza, ikawapa nguvu wale waliokuwa wanadai soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, na likafungwa mwaka 1873. Wino wenyewe ulififia hata maandishi yakawa hayasomeki vizuri. Iliwabidi wataalamu wa siku hizi kutumia mianga ya namna mbalimbali mpaka wakayasoma tena, na mwaka 2011 wakayatoa hadharani.

"Basi karatasi yenu si mbaya kuliko ile," mwalimu akasema. Mama mmoja, ambaye soko la kijiji chake lilichomwa, akauliza kama wale akina mama wa Nyangwe waliandikwa majina yao. Mwalimu akasema hapana, iliandikwa idadi tu, tena ya kukisia. Mama akatikisa kichwa, akaikaribia karatasi yake.

Wakaanza kuandika. Wale ambao hawajawahi kushika biki walipewa silabi za majina yao wenyewe ubaoni, wakaziiga. Mzee wa kofia nyeupe alikaa karibu na mwenye shamba. Huyu anataja mpaka, mzee anauandika kwa herufi zake, na msichana wa mwaka wa tano anauandika upande wa pili kwa herufi za shule. Mwalimu alipita katikati ya meza na biki nyekundu mkononi, kama waalimu wote wanavyopita.

Alipomfikia mama mwenye barua, alimkuta ameinamia nusu ya ukurasa, mkono wa kushoto umefunika maandishi. Ilibidi amuombe ruhusa. Mama akaondoa mkono. Kulikuwa na mistari mitatu, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika, maneno mengine yameungana. Penye l aliandika r, na penye mw aliandika mu. Kwa jicho la mwalimu wa shule, karibu kila neno lilistahili alama nyekundu.

Kwanza mama alimweleza kwa sauti ya chini. Kijana wake wa kwanza alibaki Salamabila kuchimba dhahabu wakati wao wanakimbia. Alikataa kuondoka. Walikosana barabarani, mizigo ikiwa kichwani, na mama katika hasira alimtamkia neno ambalo mzazi hapaswi kumtamkia mtoto. Tangu siku hiyo simu ya kijana haipatikani. Mara mbili mama alimwomba jirani amwandikie barua, na mara mbili barua ilikuwa ni ile ile: mama yako ni mzima, wadogo zako ni wazima, wanakusalimia. Lile neno hakuweza kulitaja mbele ya jirani. Na bila lile neno, barua haikuwa na maana.

Sasa alikuwa ameandika mwenyewe: mwanangu, ile neno nilisema siku ile kwenye njia, nimelitoa, halina nguvu tena juu yako. Hayo ndiyo mistari yake yote mitatu.

Mwalimu alinyanyua biki nyekundu. Kisha akairudisha mfukoni, akauliza, "Mama, nikunyooshee maneno?"

Mama akafikiri. "Ukinyoosha yote, atasema mtu mwingine ameandika. Yeye anajua mimi nilisoma mpaka wapi."

Kijana huyu mwenye diploma anasema sentensi hiyo ilimfundisha zaidi ya somo alilokuwa ameandaa. Kule shuleni kosa ni kosa, linahesabiwa, linatoa pointi. Hapa makosa ya mama yalikuwa kama sauti yake. Ndiyo yangemhakikishia kijana kwamba mkono ni wa mama kweli, si wa jirani aliyeombwa kusema maneno mazuri.

Lakini mwalimu hakuacha kazi yake. Alimuuliza mama barua itapelekwa na nani. Mama alitaka kuituma kwa njia ya Msalaba Mwekundu. Mwalimu akamweleza namna inavyokwenda, na wahami wengine wakasogea kusikiliza. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu hauna malipo. Unaandikwa kwenye karatasi maalumu, ni wa habari za jamaa tu, haupokei habari za vita wala za siasa. Haufungwi katika bahasha. Unakwenda wazi, na wanaoupeleka wanausoma kabla ya kuupeleka. Anayepokea anaweza kujibu kwa njia hiyo hiyo.

"Basi watu watasoma?" mama akauliza.

"Watasoma."

Akaiangalia tena mistari yake. Neno lenyewe hakuwa ameliandika mahali popote. Aliandika "ile neno" tu. "Waisome," akasema. "Yeye peke yake ndiye anajua ni neno gani."

Ndipo mwalimu akamwonyesha palipohitaji kunyooshwa. Jina la kijana lilikuwa moja tu, na vijana wenye jina hilo ni wengi katika machimbo. Wakaandika majina yake yote, jina la baba, jina la mama, mwaka aliozaliwa, kijiji walichotoka, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Hapo kila herufi iliangaliwa mara mbili. Mwalimu aliandika ubaoni, mama akaiga, wakafuta, wakaanza tena. Sehemu hiyo peke yake ilichukua karibu nusu saa. Ile mistari mitatu hakuigusa.

Kabla ya kuwaruhusu watu waende, mwalimu alikuwa amepata kanuni yake, akaisema mbele ya wote: kwanza tunanyoosha kile kinachoweza kuzuia maandishi yasifike au yasieleweke. Jina, mahali, tarehe, hesabu ya pesa, mpaka wa shamba. Hayo hayana huruma. Herufi moja ikipotea, mtu anakosa posho, deni linapotea, barua inafika kwa mtoto wa mwenzako. Mengine yatanyooka taratibu, mtu akiendelea kuandika, na hakuna wa kuchekwa kwa ajili yake.

Iko hatari nyingine ambayo wazee wa mtaa waliitaja baada ya somo, na inafaa kuangaliwa. Mwalimu akizoea kuacha makosa kwa huruma, wanafunzi watabaki palepale, na kesho watoto wao watawasahihisha. Msichana wa mwaka wa tano alilisema waziwazi: yeye anataka makosa yake yote yaonyeshwe, kwa sababu anataka kurudi shuleni na kufanya mtihani. Mwalimu alikubali. Kwa hiyo karatasi ya msichana ilirudi imejaa wekundu, na ya mama haikuwa na alama hata moja, katika darasa moja, siku moja. Biki ilikuwa ile ile. Waliotofautiana ni wasomaji. Mmoja anamwandikia msahihishaji wa mtihani, mwingine anamwandikia mwanawe.

Majuma matatu yamepita tangu siku hiyo. Jibu kutoka Salamabila halijafika. Njia ni mbaya, mvua inanyesha, na hakuna anayeweza kumwahidi mama lolote. Hata hivyo anakuja kila siku ya somo, anakaa meza ile ile. Wiki iliyopita mwalimu alimuuliza sasa anataka kuandika nini. Alisema anataka kujizoeza kusoma mwandiko wa watu wengine, siyo wa ubaoni tu. Jibu likija, hataki jirani amsomee.

Mzee wa kofia nyeupe amepewa robo saa mwishoni mwa kila somo. Anawafundisha wanaopenda kuandika majina yao kwa herufi za zamani. Mwalimu mwenyewe anakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigonga meza, anaiga. Mpaka sasa ameweza kuandika jina lake. La baba yake bado linampiga chenga.

Masomo ni Jumatatu na Alhamisi, saa nane mchana, bila malipo. Mwenye kaye aje na kaye. Asiye na kaye aje na karatasi yoyote yenye upande mmoja mweupe.